Mtoto wa mbwa anakojoa ndani msimu wa baridi? Anza kukagua anapolala

Kila ikifika Juni, ofisi za mifugo hapa Dodoma hupokea swali lilelile kwa sura mbalimbali. Kijana anaingia na kitoto cha mbwa ndani ya boksi, anasalimia, kisha analalamika.

"Shikamoo daktari. Huyu ni mkaidi. Nikimtoa nje anasimama tu, nikimrudisha ndani anakojoa palepale mlangoni."

"Marahaba. Analala wapi?"

"Koridoni, kwenye vigae."

"Umemtandikia nini?"

"Kuna kipande cha kapeti, lakini alikilowesha, nikakitoa."

Huyo mbwa si mkaidi, ana baridi. Wenye mbwa wengi huchukulia kumfundisha choo na kumkinga na baridi kuwa kazi mbili tofauti, na ndiyo maana zote mbili zinawashinda. Mtoto wa mbwa anayelala pabichi hapati joto. Asiye na joto naye akitolewa nje alfajiri kwenye upepo hujikunyata, akatetemeka, akawaza kurudi ndani tu. Haja inasahaulika mpaka aingie, mwili ulegee, na hapo ndipo anaiachia. Isitoshe, mwili ukipata baridi damu huondoka kwenye ngozi na kukusanyika ndani, figo zikatengeneza mkojo mwingi zaidi. Hata wewe unalijua hilo, kipupwe kikianza safari za chooni usiku huongezeka.

Mgeni aliyehamia kutoka Dar es Salaam huchelewa kuliona tatizo, kwa sababu mchana wa Dodoma unamdanganya. Mji upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ya kipupwe ni kavu. Saa nane mchana jua linawaka na watu wanatembea na mashati mepesi. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na upepo wa kutoka mashariki na kusini-mashariki hauna mlima wa kuuzuia sehemu kubwa ya uwanda huu. Nyumba nyingi mpya ni za tofali za saruji na bati, zenye vigae chini, na hizo hupoa haraka. Tembe ya Kigogo, yenye kuta nene za udongo na paa la udongo, hutunza joto la mchana vizuri zaidi, ila sijaona anayejenga tembe kwa ajili ya mbwa.

Umri kwanza

Mtoto wa mbwa hazaliwi na uwezo wa kujipasha joto. Wiki ya kwanza hata kutetemeka hajui. Joto lake linatoka kwa mama yake na kwa ndugu zake. Wakati huo anahitaji mahali penye nyuzi 29 hadi 32, kisha unapunguza kidogo kidogo mpaka karibu nyuzi 24 akifika wiki ya nne. Haja pia hawezi mwenyewe. Mama humlamba tumboni na nyuma ndipo mkojo utoke, na hali hiyo huendelea mpaka wiki ya tatu hivi. Akikua kidogo huanza kutoka kwenye malazi na kwenda pembeni kujisaidia. Kwa hiyo tabia ya kutochafua anapolala anayo tangu mapema, mradi malazi yake ni makavu na ana pa kwenda.

Mtoto aliyetolewa kwa mama yake akiwa na wiki nne au tano hupoteza vyote viwili, joto na somo. Ukipewa au ukiuziwa wa namna hiyo, omba aachwe kwa mama yake mpaka atimize wiki nane. Kama mama amekufa na huna namna, basi jua umechukua kazi ya mama, usiku na mchana.

Malazi

Kujua kama wanapata joto la kutosha hakuhitaji kipimajoto. Aliyewahi kulea vifaranga kwenye bruda anaijua kazi hii, kwa sababu dalili zake ni zilezile. Watoto wenye baridi hurundikana, mmoja juu ya mwingine, na hulia kwa sauti nyembamba isiyokatika. Waliozidiwa joto hutawanyika kila mmoja kona yake, midomo wazi. Walio sawa hulala wamegusana tu, kimya, miguu na masikio yakirukaruka kwenye usingizi. Huko kurukaruka ni kwa afya, usiwaamshe. Ukiwa na mtoto mmoja tu, shika nyayo, ncha za masikio na ngozi ya kinenani pasipo na manyoya. Kinena kikiwa cha baridi, huyo amepoa.

Tafuta boksi gumu au kreti la mbao, lenye ukubwa wa yeye kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Watu hupenda kumpa nafasi kubwa kwa huruma, lakini boksi kubwa hupoteza joto, na pia humpa kona ya kulala na kona ya kukojolea ndani ya boksi hilohilo. Linyanyue kutoka sakafuni kwa vipande viwili vya mbao au chaga, kwa sababu saruji na vigae hunyonya joto la mwili usiku kucha. Chini weka gunia, juu yake maranda makavu au nyasi kavu, kisha kitambaa cha sufu au blanketi kuukuu. Kitambaa kiwe viwili au vitatu ili kimoja kikilowa ukibadilishe saa hiyohiyo, siyo kesho. Kama banda liko uani, mlango wake utazame magharibi, upepo uupige mgongo.

Usiku wenye baridi kali, chupa ya plastiki yenye maji ya moto, si yanayochemka, uliyoifunga kwa kanga kuukuu au taulo, inatosha. Iweke upande mmoja wa boksi ili akizidiwa asogee. Balbu inasaidia ikiwa ni ya zamani yenye waya ndani. Hizi za kisasa zinazookoa umeme hazitoi joto la maana, na wapo waliowasha taa usiku mzima wakidhani wanampasha. Nyaya zifiche, maana meno ya miezi miwili hayachagui.

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Jiko la mkaa lisiingie chumbani au jikoni kulikofungwa kwa ajili ya kumpasha mbwa joto. Mkaa ukiwaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaua mbwa, inaua na waliolala chumba cha pili. Kuacha mlango wazi kidogo si kinga ya kutegemea.

Choo

Chagua sehemu moja ya uani, iliyokingwa na upepo, nyuma ya ukuta au kando ya ua wa minyaa, na umpeleke hapohapo kila mara. Mwaga mchanga mkavu. Wiki za mwanzo unaweza kuacha juu yake kitambaa kidogo chenye mkojo wake. Harufu itamwambia kazi ya pale. Miguu ikizoea mchanga katika umri wa wiki saba hadi tisa, atautafuta mchanga maisha yake yote. Akizoea kapeti, atatafuta kapeti.

Mtoe mara tu anapoamka, dakika 15 hadi 30 baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Wa miezi miwili akiwa macho mtoe hata kila saa. Usingizini anaweza kuvumilia saa mbili au tatu. Msimu huu mbebe kutoka kwenye malazi mpaka kwenye mchanga. Akitembea mwenyewe juu ya vigae vya baridi, atamaliza koridoni. Simama naye kimya, usimchezeshe. Akimaliza, msifu na kumpa punje ya dagaa papo hapo, akiwa bado mchangani. Zawadi ikisubiri mpaka mfike ndani, amejifunza kuwa kuingia ndani ndiko kunakolipa. Dakika tano zikipita bila kitu, mrudishe kwenye boksi lake lenye joto, kisha mtoe tena baada ya robo saa. Usimwachie azurure sebuleni katikati ya muda huo.

Kumpangusa pua kwenye mkojo, au kumchapa kwa kandambili, hakufundishi choo. Mbwa haunganishi kipigo cha sasa na mkojo wa dakika kumi zilizopita. Anachojifunza ni kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, kwa hiyo atakwenda kukojolea nyuma ya kochi, na ukimtoa nje atakubania mpaka ugeuke.

Akikosea ndani, na atakosea, usianze na maji. Katika mji wenye mgao wa maji hilo lina faida mbili. Nyunyizia mchanga au maranda yanyonye, zoa, ndipo uoshe kwa sabuni na kumalizia kwa siki iliyochanganywa na maji. Dawa za kusafishia zenye amonia humvuta arudi palepale, kwani kwake zinafanana na harufu ya mkojo. Dawa ya klorini usiichanganye na amonia wala siki, mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Mafuta ya taa yasitumike. Anayalamba kwenye nyayo zake.

Chakula nacho kina sehemu yake. Milo mitatu au minne kwa siku, kwa saa zinazojulikana, huleta haja kwa saa zinazojulikana. Uji wa dona wenye dagaa waliosagwa na yai ni mwanzo mzuri kwa asiyemudu chakula cha dukani. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi, na anayehara hawezi kujizuia hata umfundishe vipi. Maji yawepo mchana kutwa, hewa yetu ni kavu. Unaweza kuondoa bakuli saa moja au mbili kabla ya kulala.

Kinyesi kizolewe kila siku kwa koleo na kufukiwa au kutupwa chooni, hasa kwenye nyumba za kupanga ambako uani ni pa wote. Karibu kila mtoto wa mbwa ana minyoo aliyoipata kwa mama yake, tumboni au kwenye maziwa. Minyoo ya safura ya mbwa hupenya nyayo za mtoto wa binadamu anayecheza peku. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili, ikirudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Na kama majirani zako ni Waislamu, mbwa awe na kona yake na vyombo vyake, asipite kwenye mikeka wanaposwalia. Ukilipanga hilo mapema hutagombana na mtu.

Asitoke nje ya geti kwa matembezi kabla ya chanjo zake za utotoni kukamilika, kwa kawaida wiki ya 16. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara damu, hukaa kwenye udongo miezi mingi, hivyo uliza kama kuna mbwa aliyekufa uani hapo kabla hujahamia. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akitimiza miezi mitatu.

Ukimkuta amelegea, kinena cha baridi, fizi zimepauka, usimpe maziwa. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 hivi, tumbo halisagi chakula, na maziwa yanaweza kupitia njia ya hewa. Mkaushe, mweke kifuani ndani ya nguo zako, apate joto taratibu kwa saa moja au zaidi. Akianza kujisogeza, mpake maji ya sukari kidogo kwenye fizi, kisha mlete kwa daktari wa mifugo. Anayekojoa matone matone huku akilia, au mwenye damu kwenye mkojo, naye aletwe. Huyo ni mgonjwa wa kibofu, mafunzo hayamsaidii. Kama usafiri ni bodaboda, mweke ndani ya boksi lililofunikwa, gunia kavu chini, na chupa ya maji ya moto pembeni yake.