Ushuru usio na tarehe ya kuisha

Kati ya 2009 na 2013, magari madogo ya mizigo ya Ford yaliyoundwa Uturuki yalikuwa yakishushwa melini nchini Marekani yakiwa na viti vya nyuma. Viti vyenyewe vilikuwa vya gharama ndogo, vimevikwa kitambaa hafifu, havina hata egemeo la kichwa. Hakuna abiria aliyetarajiwa kuvikalia. Magari yakishapita forodha kama magari ya abiria, yaliingizwa karakana, viti vikang'olewa, na gari likapelekwa kwa mnunuzi likiwa la mizigo, kama lilivyokusudiwa tangu kiwandani.

Sababu ni viwango viwili vya ushuru. Gari la abiria lilitozwa asilimia 2.5, la mizigo asilimia 25. Serikali ilishtuka, kesi ikaenda mahakamani kwa miaka, na Machi 2024 Ford ikakubali kulipa dola milioni 365 ili kuimaliza.

Mimi ni mchumi wa biashara ya nje, na nikiulizwa kwa nini natetea soko huria huanzia kwenye viti hivi. Kuna mtu alivishona, mwingine akavifunga kwa boliti, mwingine tena akalipwa avifungue. Wote walitoka jasho la kweli, na mwisho wa yote hakuna aliyepata hata kiti. Watu wengi wanaujua ushuru kama kodi tu. Hasara yake kubwa zaidi ni akili na nguvu za watu zinazotumika kuukwepa, kuuombea na kuutetea.

Na hiyo asilimia 25 ilitoka wapi? Ilitoka kwa kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku waliotoka Marekani, ambao walikuwa rahisi kuliko wa wafugaji wao. Rais Lyndon Johnson akajibu mapigo: kuanzia 1964 wanga wa viazi, dekstrini (zao la wanga linalotumika kama gundi), brandi na magari madogo ya mizigo vikatozwa asilimia 25. Ugomvi wa kuku ulikwisha zamani. Ushuru wa bidhaa nyingine tatu ukaondolewa. Wa magari ukabaki. Korea Kusini ilikuwa imeahidiwa kwamba kwake ungefutwa ifikapo 2021, lakini makubaliano yalipofunguliwa upya mwaka 2018 tarehe ikasogezwa hadi 2041.

Hapa ndipo uchumi unapokutana na siasa. Mwaka 1965 mchumi wa Marekani Mancur Olson alieleza kwa nini kundi dogo lenye maslahi makubwa hulishinda kundi kubwa ambalo kila mmoja wake hupoteza kidogo. Kampuni chache zinazotengeneza pikapu zinajua vizuri ushuru huu unawaingizia nini, na zinaweza kumlipa wakili mwaka mzima aulinde. Fundi bomba anayenunua pikapu kwa bei ya juu hajui hata kwamba ushuru upo, na angejua, asingefunga kazi siku nzima aende kulalamika bungeni. Kwa hiyo mbunge husikia sauti ya upande mmoja tu. Simlaumu sana, anawasikiliza waliobisha hodi.

Sasa linganisha na mashine za kufulia. Februari 2018 Marekani ilizitoza zile zinazotoka nje asilimia 20, na asilimia 50 kwa zilizozidi milioni 1.2 kwa mwaka. Wachumi watatu, Flaaen, Hortaçsu na Tintelnot, walifuatilia bei madukani. Mashine za kufulia zilipanda takriban asilimia 12. Za kukaushia nazo zikapanda karibu kiasi hicho hicho, ingawa hazikuwekewa ushuru wowote. Mbili hizi huuzwa kwa jozi, na muuzaji akaigawa nyongeza kwenye zote mbili. Walikadiria ajira mpya kuwa kama 1,800, na gharama kwa wanunuzi, baada ya kutoa mapato ya serikali, kuwa kama dola 815,000 kwa kila ajira kwa mwaka.

Ajira hizo zilikuwepo kweli, na sitaki kuzidharau. Mtu aliyefungiwa kiwanda akiwa na miaka 50 anahitaji msaada, na ninaunga mkono apewe fedha mkononi na mafunzo, kutoka bajeti inayojadiliwa hadharani. Ushuru humsaidia kwa njia ya kuzunguka, huku bili ikilipwa na familia zenye kipato cha chini, ambazo sehemu kubwa ya fedha yao huishia kwenye bidhaa. Hoja ya ulinzi wa taifa nayo ninaikubali kwa silaha na vitu vichache vya aina hiyo.

Lakini ushuru wa mashine za kufulia ulikuwa na jambo moja zuri: uliwekewa muda. Ulikuwa wa miaka mitatu, ukaongezwa miwili, na Februari 2023 ukakoma. Hakuna aliyehitaji ujasiri wa kuufuta. Waliotaka uendelee ndio waliopaswa kuja na hoja, na kwangu tofauti hiyo ina uzito kuliko kiwango chenyewe.

Aprili 2, 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa angalau asilimia 10 kwa karibu kila nchi, na zaidi kwa nchi nyingi. Wiki moja baadaye viwango vya juu vikasimamishwa kwa siku 90, isipokuwa kwa China. Novemba mwaka huo huo kahawa, ndizi na nyama ya ng'ombe vikatolewa kwenye orodha ya bidhaa zinazotozwa. Kahawa inayolimwa Marekani ni kidogo, hasa ya Hawaii na Puerto Rico. Kwa miezi ile wanywaji walilipia ulinzi wa kilimo ambacho nchi karibu haina. Ni bei za dukani, ambazo kila mtu anaziona, zilizofanya ushuru huo wa kahawa uondolewe.

Kila tangazo la ushuru linapotoka, kwanza ninatafuta kifungu cha tarehe ya kuisha. Katika tangazo lile la Aprili sikukiona. Lilisema viwango vitadumu hadi rais atakapoamua kwamba sababu zake zimekwisha.