Kwa nini risiti ya mashine hufutika hata ikitunzwa vizuri?

Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, lakini risiti nyingi za mashine huwa zimegeuka vipande vyeupe kabla ya muda huo kwisha. Lawama kwa kawaida huangukia wino: ulikuwa hafifu, au mwenye duka alibana matumizi. Lawama hiyo haina msingi, kwa sababu mashine ya EFD, yaani ile ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, haina wino kabisa. Kinachobadilishwa ndani yake ni rola ya karatasi tu, na asiyesadiki akwaruze risiti kwa ukucha, haraka na kwa nguvu: mstari mweusi utatokea mahali ambapo hakuna kalamu iliyopita.

Rangi imo ndani ya karatasi yenyewe, ila imelala. Uso wake umepakwa kemikali mbili zilizo kando kando, moja ikiwa rangi isiyoonekana na nyingine ikiwa asidi dhaifu ya kuiamsha. Anayetafuna tambuu anaujua mwenendo huu: popoo peke yake haina wekundu ule, wala chokaa haina, lakini vikikutana kinywani mate huwa mekundu. Kwenye risiti, kichwa cha mashine chenye vitone vya joto huyeyusha kemikali hizo mahali panapotakiwa herufi, zikachanganyika, na weusi ukajitokeza. Mfano huo una mpaka wake, kwani chokaa si asidi, na isitoshe wekundu wa tambuu haurudi nyuma. Weusi wa risiti hurudi: kitu chochote kikizitenganisha kemikali zile, rangi hulala tena.

Hapo ndipo uangalifu unapodhuru. Mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo wengi huitumia kulinda nyaraka, ina vilainishi vinavyohamia polepole kwenye karatasi na kuuvunja mchanganyiko huo. Gundi ya selotepu na mafuta ya mikono hufanya kazi hiyo hiyo, na mwanga wa jua huongeza yake. Kuilaminesha ni kinyume chake, maana joto la mashine huiamsha rangi yote kwa pamoja na risiti hutoka nyeusi tii. Kasi ya kufifia hutegemea ubora wa rola. Zipo zenye tabaka la kinga zinazodumu miaka mingi, lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: fotokopi ya shilingi chache huishi muda mrefu kuliko nakala halisi, kwa kuwa unga wa fotokopi ni kaboni na plastiki iliyoyeyushwa ikagandamana na karatasi. (Nao pia hunata kwenye PVC, kwa hiyo mfuko ule haumfai yeyote.)

Picha ya risiti iliyopigwa kwa simu ina nguvu ya namna nyingine. Risiti ya EFD hubeba namba ya uhakiki na msimbo wa QR, na kwa hivyo mauzo yale huweza kuthibitishwa katika mfumo wa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, hata karatasi ikipotea, mradi namba hiyo inasomeka kwenye picha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 nayo inatambua rekodi za kielektroniki. Hata hivyo duka linaweza kudai risiti yenyewe kwa ajili ya waranti, na hilo huulizwa siku ya kununua. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na msimbo mdogo ndio wa kwanza kuharibika. Ni heri itumwe kama faili.

Kwa risiti iliyokwisha kufifia, skani ya rangi iliyoongezwa utofauti wa giza na mwanga mara nyingi huonyesha herufi ambazo jicho halizioni tena. Wapo wanaoipasha moto kidogo ili rangi iamke, na wakati mwingine hufaulu, lakini joto likizidi hubakia karatasi nyeusi isiyoweza kuskaniwa.