Cha Nje, Lakini Nje ya Nini?

Kazi yangu ni kupima damu, na kipimo ninachokifanya mara nyingi kuliko vingine ni cha ile inayoitwa njia ya nje ya kuganda kwa damu. Wanafunzi wengi wanaokuja maabara hudhani njia hiyo huanzia nje ya mwili. Sivyo. Nje inayosemwa hapa ni nje ya mkondo wa damu. Kwenye seli zinazouzunguka mshipa kuna protini ya tishu ambayo damu haikutani nayo maadamu mshipa ni mzima. Mshipa ukikatika, damu huigusa, kigandishi namba 7, moja ya protini za damu zinazoigandisha, hushikana nayo, na mgando unaanza.

Kipimo chenyewe kinaiga jeraha hilo. Tunaitenga plazma, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, kwa mashine ya kuzungusha, tunaipasha hadi nyuzi 37, tunatia protini ile ya tishu pamoja na kalisi, kisha tunahesabu sekunde. Plazma ya mtu mwenye afya huganda kwenye sekunde 11 hadi 14 hivi. Ipo pia njia ya ndani, ambayo vigandishi vyake vyote vimo ndani ya damu yenyewe. Kipimo chake hakitumii protini ya tishu: plazma huamshwa kwa unga kama kaolini, aina ya udongo mweupe, na huchukua sekunde 30 hivi.

Mfuatano wa vigandishi, kimoja kikikiamsha kingine, ulielezwa mwaka 1964, na mpaka leo unatusaidia kujua kasoro iko wapi. Ila mwilini njia hizi mbili haziendi kila moja kivyake. Mtu aliyezaliwa bila kigandishi namba 12, kinachoanzisha njia ya ndani, kipimo chake huchelewa mno maabara, na hata hivyo akijikata hatokwi na damu kupita kiasi. Aliyepungukiwa sana na namba 7 yuko hatarini kweli. Maana yake ni kwamba njia ya nje ndiyo huanzisha mgando, kisha vigandishi vya ndani hukoleza. Natamani vitabu vya mwanzo viliseme hili mapema, maana mwanafunzi akishakariri mchoro wa njia mbili, kumtoa hapo ni kazi.

Wenzetu wa anatomia wana mpaka mwingine kati ya nje na ndani. Shika mkono wako chini kidogo ya kiwiko, kisha kunja ngumi: utahisi misuli ikikaza mbali kabisa na vidole. Hiyo ni misuli ya nje ya kiganja, inayovuta vidole kwa kano zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Misuli 6 inayogeuza jicho nayo ni ya nje, kwa kuwa imeshikizwa juu ya tufe la jicho, haimo ndani yake.

Kwenye fizikia ya semikondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu, mambo yanageuka. Silikoni safi hupitisha umeme kidogo sana. Ikichanganywa na fosforasi, hata atomu moja tu kwa kila milioni, upitishaji hupanda mno, kwa sababu fosforasi ina elektroni 5 za ukingoni, 4 zinafungana na silikoni jirani na ya tano inabaki huru. Fosforasi hiyo imo katikati ya fuwele, lakini sifa iliyoleta bado huitwa ya nje. Hapa kinachotazamwa ni asili yake, si mahali ilipo.

Wanasaikolojia nao huzungumzia motisha ya nje, na hapo mpaka ni tendo lenyewe: unalifanya kwa kulipenda, au kwa ajili ya kitu kitakachofuata? Jaribio lililochapishwa mwaka 1973 lilihusu watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwanza, baadaye walipoachwa wachague wenyewe, walichora kwa muda mfupi zaidi. Waliopewa cheti hicho hicho bila kuahidiwa hawakupungukiwa na hamu. Kwangu hilo ndilo la kutazamwa kwa makini: cheti kilikuwa kimoja, na tofauti ilikuwa kwamba kundi la kwanza lilishika kalamu likikisubiri.