Biti inayokimbia

Ndugu zangu wa Mbeya, nani aliwaambia biti bora, yaani kile kichwa cha kukatia mwamba, ni ile inayoshuka haraka? Kwenye kisima cha maji cha mita 100 pale Uyole, kwa nyundo ya upepo, sibishi. Ila mkianza habari za bonde la Rukwa, ambako Amoco ilichimba Ivuna na Galula mwaka 1987 ikitafuta mafuta, hesabu hiyo itawafilisi.

Ukiwa mita 2,500, kubadili biti ni kutoa paipu zote na kuzirudisha. Tuseme safari hiyo ni saa 10, na mtambo unakula shilingi milioni 2 kwa saa. Biti ya milioni 30 inakwenda mita 12 kwa saa, inakufa baada ya saa 10: mita 120. Nyingine ya milioni 80 inajikokota mita 8 kwa saa, lakini inadumu saa 60: mita 480. Jumlisha bei ya biti na gharama ya mtambo, saa za safari zikiwemo, kisha gawa kwa mita. Mkimbiaji anakula kama 583,000 kwa mita, kobe 458,000. Sasa panda hadi mita 200, safari iwe saa 1: 433,000 kwa 421,000. Biti zilezile, karibu zinalingana!

Halafu eti "almasi inakata chochote". Meno ya PDC, biti yenye meno ya almasi ya kiwandani, hukwangua; trikoni, biti ya koni tatu zinazozunguka, hutwanga. Kwenye udongo-mawe, kukwangua kunashinda. Kwenye kokoto, au basalti kama ya Rungwe, almasi ngumu hiyo hiyo humeguka kwa kipigo. Meno ya begani, kwenye ukingo wa biti, huumia mapema kwa sababu yako mbali na katikati, hivyo husafiri kwa kasi zaidi, kwa hiyo punguza mzunguko kabla hujafika hapo.

Lini uitoe? Vitabuni kuna michoro mizuri, mtamboni tunabahatisha. Kasi ikishuka, huenda meno yameisha, huenda mwamba umebadilika, huenda udongo umeganda kwenye biti. Chenga za mwamba zingekwambia, ila kwa kina hicho huchelewa karibu saa nzima kufika juu. Ukingoja mno na trikoni, koni inadondokea shimoni, na kuivua kunakula siku.

Biti ikitoka, ipime kwa pete ya kipimo cha kipenyo kabla ya kupiga picha. Ikiwa imepungua kipenyo, shimo la chini ni jembamba, lipanuliwe taratibu. Ukishindilia trikoni mpya humo, koni zinabanwa na beringi zinakufa kabla haijachimba hata mita moja.