Kumuuguza nyumbani mzee mwenye presha na sukari: maswali ya familia na majibu yake

Mzee karuhusiwa kutoka hospitali. Kafika nyumbani na mfuko wa dawa aina sita, kadi ya kliniki, na maelekezo ya daktari ambayo kila aliyekuwapo ameyasikia kivyake. Kuanzia hapo nesi ni binti yake, au mkamwana, au mjukuu aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Haya ni maswali ambayo watu hao huuliza wakiwa peke yao na mgonjwa, saa nne usiku. Nimeyajibu nikimfikiria mzee wa Tanzania mwenye presha na kisukari, maradhi mawili yanayopenda kuandamana, ingawa mengi yatamfaa pia mwenye ugonjwa wa moyo au aliyepooza upande mmoja.

Tuanzie wapi?

Kabla ya kununua mashine yoyote, mteueni mtu mmoja wa kujua mambo yote ya mgonjwa. Si lazima awe ndiye anayemwogesha. Awe anajua dawa gani imebadilishwa, ipi inakaribia kwisha, na kliniki ijayo ni lini. Nimeona nyumba yenye watoto saba, wote wanatuma hela kwa simu, na mama yao amekaa siku tatu bila dawa ya presha kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amenunua.

Kisha nunueni daftari la kawaida. Ukurasa wa kwanza uandikwe majina ya dawa kama yalivyo kwenye pakiti, kiasi, saa ya kumeza, na kila dawa inatibu nini. Kurasa zinazofuata ni za kila siku: presha, sukari, amekula nini, amepata choo au hakupata, na jambo lolote jipya. Daftari hilo liende kliniki. Daktari anaonana na mzee kwa dakika chache, na vipimo vya wiki tatu vya nyumbani vitamweleza mengi kuliko kipimo kimoja kilichochukuliwa baada ya foleni ndefu.

Kila tukimpima mama presha tunapata namba tofauti. Mashine ni mbovu?

Inawezekana, lakini mara nyingi kasoro iko kwenye upimaji. Akae kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, miguu isikunjwe nne. Awe ameshakojoa, na nusu saa nzima iwe imepita tangu anywe kahawa. Mkono uegemee meza usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kikae juu ya ngozi na si juu ya nguo. Asiongee, nanyi msimsemeshe. Mpimeni mara mbili, mkiacha dakika moja katikati, na muandike zote mbili.

Kliniki huhesabu presha kuwa ya juu ikifika 140/90. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135/85. Lengo la mzee wenu hasa atawapangia daktari, maana mtu wa miaka 80 anayeyumba akisimama hapangiwi sawa na wa miaka 60. Ikifika 180/120, mpumzisheni na mpime tena. Ikibaki pale pale na ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, au sehemu ya mwili imelegea, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kama hana dalili yoyote, muulizeni daktari siku hiyo hiyo. Msimwongezee vidonge kwa kubahatisha. Na namba zikiwa nzuri msiache dawa: zimekaa vizuri kwa sababu anameza.

Sukari ya baba ikishuka tutajuaje, na tufanye nini?

Hapa naomba msome taratibu. Familia nyingi huogopa sukari kupanda, kumbe ya kushuka ndiyo inayoweza kumwangusha mzee ndani ya saa moja. Hutokea pale alipochomwa insulini au kumeza kidonge cha sukari halafu hakula, au alipokula akatapika. Dawa iitwayo glibenklamidi ina hatari zaidi kwa wazee, hasa wenye figo dhaifu, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu. Kama baba anaitumia, ulizeni kliniki kama kuna nyingine inayomfaa zaidi.

Dalili zinazojulikana ni jasho, kutetemeka, njaa na moyo kwenda mbio. Kwa mzee hizo zaweza zisionekane kabisa. Utamkuta amekasirika bila sababu, anaongea maneno yasiyoungana, au analala mchana kuliko kawaida yake, na watu wa nyumbani wanasema ni uzee. Mpimeni. Ikiwa chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L), au kama hamna kipimo na mnashuku, mpeni vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subirini dakika 15, mpime tena, na kama bado, rudieni. Akishakaa sawa ale chakula cha kushiba kidogo, uji au mkate au ndizi, la sivyo itashuka tena. Anayetumia glibenklamidi apelekwe hospitali hata kama amezinduka, kwa kuwa sukari yaweza kurudi chini baada ya saa kadhaa.

Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, kitampalia. Mlazeni ubavu na muondoke naye.

Zoea moja huzuia mengi: sahani iwe tayari mezani ndipo dawa itolewe. Na wazee wetu wa Pwani wanaotaka kufunga Ramadhani, kliniki iulizwe wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, wala isisubiriwe usiku wa kwanza wa daku.

Hatuna friji. Insulini tutaiweka wapi?

Chupa ambazo hazijafunguliwa zinahitaji nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ombeni nafasi kwenye friji ya jirani au kwenye kituo cha afya, mbali na sehemu ya kugandisha barafu. Ikiganda haifai tena. Chupa anayoitumia yaweza kukaa nje kwa takriban wiki nne mradi isipate joto kali wala jua. Tumieni vyungu viwili: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa, juu kitambaa kibichi, vikae kivulini penye upepo. Chupa ifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwanza. Ni maarifa yale yale ya mtungi wa maji ya baridi wa bibi zetu, na yanafanya kazi. Tarehe ya kufungua chupa iandikwe kwenye daftari.

Lazima apikiwe chakula chake peke yake?

Hapana. Wote mle kama yeye: nusu ya sahani mboga, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au dagaa. Dona ni bora kuliko sembe lakini nayo hupandisha sukari, basi tonge zihesabiwe. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi na viungo vya pakiti. Mwenye figo zilizoharibika ana masharti mengine, na hayo yatoke kliniki.

Bibi hatoki kitandani. Tunazuiaje vidonda?

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia, na muandike ubavu gani na saa ngapi. Msimburute, ngozi ya mzee huchunika. Mtandikieni kanga au shuka chini ya nyonga, watu wawili wakamate ncha na kumnyanyua. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Kila anapoogeshwa tazameni mwisho wa mgongo, nyonga na visigino. Vitabu vingi huzungumzia wekundu, lakini kwa ngozi nyeusi tafuteni sehemu iliyozidi weusi, yenye joto au ugumu kuliko zilizo jirani. Pakianza kubadilika, msipasugue. Asilalie hapo tena, na mumwite mtaalamu kabla pajachimbika.

Miguu ya mwenye kisukari nayo ikaguliwe kila siku, hata katikati ya vidole. Ganzi huweza kumfanya asihisi msumari. Asitembee pekupeku, asikatwe sugu kwa wembe, na maji ya kumwogesha yajaribiwe kwa kiwiko cha anayemwogesha.

Magoti yanamuuma. Tumnunulie diklofenaki?

Msinunue bila kuuliza. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, huumiza figo na huweza kutoboa tumbo, na ndizo zinazouzwa kirahisi zaidi mtaani. Parasetamoli kwa kipimo cha kwenye pakiti ni salama zaidi kwa wazee wengi. Dawa za miti shamba nazo zitajwe kliniki bila aibu.

Tangu jana haeleweki, anatuita majina ya waliokufa. Ni usahaulifu wa uzeeni?

Usahaulifu huo hujengeka kwa miezi na miaka. Uliokuja kwa siku moja una sababu nyingine: sukari ya chini, maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, kukaukiwa maji, dawa mpya. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa. Pimeni sukari, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Nawasihi msianze na maneno ya kurogwa. Yanakula siku ambazo mgonjwa hana.

Ninayemuuguza ni mimi peke yangu, na nimechoka.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu wanaotuma hela hawajui uzito wa kumgeuza mtu saa nane usiku, hivyo waambie wazi: kila mwezi mmoja wao aje akae siku mbili, nawe uondoke kabisa. Mwite pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako, ambaye mpango wake wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024. Ukimpeleka mzee hospitali ya serikali uliza dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inahesabu uzee kuanzia miaka 60.

Anayekuja kukupokea alisome daftari mbele yako. Ukurasa wa mwisho andika kwa herufi kubwa: uso umepinda, mkono au mguu umeishiwa nguvu ghafla, maneno hayatoki, maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, hazinduki. Akiona mojawapo, asimlishe kitu. Atafute gari kwanza, akupigie akiwa njiani.