"Wamekata mengi": dhana potofu kuhusu vitabu vinavyogeuzwa tamthilia za muziki

Insha za kulinganisha riwaya na tamthilia ya muziki zimenifikia tena. Ya kwanza niliyoifungua ilianza hivi: "Tamthilia hii haifikii kitabu kwa sababu wamekata mengi." Ya pili vilevile. Ya tatu nikaiweka chini, nikaenda kuchemsha chai.

Dhana: Tamthilia bora ni ile iliyokata kidogo

Les Misérables ya Victor Hugo ilitoka mwaka 1862, na chapa nyingi huvuka kurasa 1,200. Mna vita vya Waterloo, sura 19 nzima. Mna hata historia ya mitaro ya majitaka ya Paris. Onyesho la Alain Boublil na Claude-Michel Schönberg, lililoanzia Paris mwaka 1980 na kuingia London kwa Kiingereza mwaka 1985, huchukua takriban saa tatu. Tena neno likiimbwa hula muda zaidi kuliko likisemwa. Kwa hesabu ya wanafunzi wangu, kila tamthilia ya muziki imeshindwa kabla pazia halijafunguliwa. Anayehesabu sura zilizoachwa anafanya kazi ya karani wa ghala: anajua kilichotoka, hajui kilichoingia.

Mchukue Javert. Hugo anamtengea kitabu kizima ndani ya sehemu ya tano, chenye sura moja tu: afisa wa polisi kaegemea ukuta wa mto Seine usiku, Valjean, mfungwa wa zamani aliyekuwa akimsaka, kamwachia uhai wake, na sheria aliyoiabudu maisha yote haina jibu. Hugo anachambua, anarudi nyuma, anachambua tena. Jukwaani Javert anaimba dakika chache kisha anajitosa. Lakini sikiliza anaimba kwa mahadhi gani! Ni muziki uleule aliouimba Valjean mwanzoni, baada ya askofu kumsamehe wizi wa vyombo vya fedha na kumwongezea vinara juu yake. Wanaume wawili wametendewa huruma wasiyoitarajia; mmoja anachana karatasi yake ya mfungwa na kuanza upya, mwingine anaona heri maji. Hakuna mhusika anayesimama kukueleza kwamba hawa wawili wanalinganishwa. Sikio lako ndilo linalokumbuka. Hugo asingeweza kulifanya hilo kwa wino, maana msomaji akifika hapo mtoni, askofu yuko nyuma yake kurasa elfu moja.

Au Fantine. Riwayani anamwacha binti yake Cosette kwenye nyumba ya wageni ya akina Thénardier kwa sababu amewaona watoto wawili wa mwenye nyumba wakibembea kwa furaha kwenye mnyororo, na mmoja wao ni Éponine. Jukwaani tukio hilo halipo. "Wamekata!" Ndiyo, wamekata. Ila Fantine anapokata roho huku akimwita mwanawe, mahadhi yake ni yaleyale atakayokuja kuyaimba Éponine mkubwa, peke yake barabarani usiku, akimuwaza Marius asiyempenda. Uzi uliokatwa kwenye kisa umefungwa upya kwenye muziki.

Sisi tuliolelewa na taarabu tulipaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Mtu hainuki kwenda kumtunza mwimbaji ati kwa kuwa kisa kimekwisha. Anainuka kiitikio kinaporudi mara ya tatu na safari hii kimemlenga yeye.

Nadhani wengi wanachanganya na tafsiri. Nyerere alipotuletea Mabepari wa Venisi mwaka 1969 alibanwa na maneno ya Shakespeare. Mtunzi wa tamthilia ya muziki habanwi hivyo, ana deni la namna nyingine.

Ushauri wangu, ambao darasa limeshauchoka: sikiliza onyesho zima mara moja umefumba macho, kalamu mkononi. Kila mahadhi yanaporudi, andika anayeimba sasa na aliyeimba kwanza. Riwaya uifungue baadaye. (Ndiyo, unaweza kuandika umefumba macho. Mwandiko wenu hautaharibika zaidi ya ulivyo.)

Dhana: Les Misérables inahusu Mapinduzi ya Ufaransa

Hapana. Mapinduzi yale ni ya 1789. Kizuizi cha barabarani mnachokiona jukwaani ni cha Juni 5 na 6, 1832, katika maasi yaliyozuka kwenye mazishi ya Jenerali Lamarque, aliyeuawa na kipindupindu. Mfalme alikuwa Louis-Philippe, na maasi yalizimwa. Tusirudie tena.

Dhana: Nyimbo hulainisha kila kitu

Mara nyingine, kweli. Katika riwaya ya Oliver Twist, Dickens anampeleka Fagin, mkuu wa watoto wezi, kitanzini. Lionel Bart, katika Oliver! ya mwaka 1960, anamwacha aende zake. Lakini Nancy, msichana wa genge hilo, anauawa palepale pamoja na nyimbo zote. Na West Side Story ya mwaka 1957, iliyotokana na Romeo na Juliet ya Shakespeare, inamnyima Maria kile alichopewa Juliet: kufa na mpenzi wake. Anabaki hai, bastola mkononi. Mimi naona hilo ni chungu zaidi.

Dhana: Iliyodumu zaidi jukwaani ndiyo iliyo karibu zaidi na kitabu

The Phantom of the Opera ilichezwa Broadway, New York, mara 13,981, kuanzia 1988 hadi Aprili 2023. Yule Mwajemi anayesimulia sura kadhaa katika riwaya ya Gaston Leroux hayumo kabisa.

Dhana: Wakibakiza maneno ya mwandishi, wamemtendea haki

Bernard Shaw aliandika maelezo marefu kuwaambia watu kwamba Eliza wa Pygmalion anaolewa na Freddy, si na Profesa Higgins. Akawakatalia pia waliotaka kuitia muziki tamthilia hiyo. Alifariki mwaka 1950. My Fair Lady, yaani Pygmalion iliyotiwa muziki, ikafunguliwa mwaka 1956. Mazungumzo mengi ya Shaw yamo, karibu neno kwa neno. Kisha, mwishoni kabisa, Eliza anarudi nyumbani kwa Higgins, naye anajilaza kitini na kuuliza viatu vyake vya ndani viko wapi.

Mwanafunzi mmoja aliisifu kwa kuwa "haikukata kitu cha maana". Nilimrudishia insha yake na neno moja pembeni: viatu.