Kadi Mpya ya Mkopo Unapoomba Mkopo wa Nyumba

Katika kazi yangu ya kupitia maombi ya mikopo ya nyumba hapa Marekani, waombaji huniuliza mara kwa mara kadi mpya ya mkopo itawapunguzia alama ngapi. Wana haki ya kuuliza, lakini mara nyingi kinachoangusha ombi ni deni jipya linaloingia kwenye faili baada ya hesabu kukamilika.

Alama za FICO, zinazopima jinsi mtu anavyoaminika kulipa madeni yake, huanzia 300 hadi 850, na mikopo mipya huchangia takriban asilimia 10 tu ya alama hizo. Ombi moja la kadi kwa kawaida hupunguza chini ya alama 5. Ombi hilo hubaki kwenye ripoti ya mikopo ya mtu kwa miaka 2, ingawa FICO huzingatia maombi ya miezi 12 ya mwisho pekee. Anayeumia zaidi ni mwenye historia fupi: ikiwa ana kadi mbili, moja ya miaka 6 na nyingine ya miaka 4, wastani wa umri wa akaunti zake ni miaka 5, nao hushuka hadi takriban miaka 3 na miezi 4 mara kadi ya tatu inapofunguliwa. Kwa upande mwingine, anayedaiwa dola 2,000 kwenye kadi yenye kikomo cha mkopo cha dola 5,000 akiongezewa kikomo kingine cha dola 5,000, sehemu ya kikomo anayoitumia hushuka kutoka asilimia 40 hadi 20, jambo linaloweza kumwinua baadaye, mradi asiongeze deni.

Hata hivyo, alama chache zina uzito zinapovuka mpaka. Mkopeshaji huchukua alama ya katikati kati ya zile zinazotokana na ripoti za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazokusanya taarifa za mikopo, na kwa mikopo mingi inayouzwa kwa Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, gharama hubadilika kwa ngazi za alama, kwa hiyo kushuka kutoka 742 hadi 738, kunakovuka mpaka wa ngazi, kunaweza kumgharimu mkopaji zaidi kuliko kushuka kutoka 757 hadi 745, ndani ya ngazi ileile.

Kisha kuna uwiano wa madeni na kipato, na hapa ndipo ninapowasihi watu wawe waangalifu zaidi. Chukua familia yenye kipato cha dola 6,000 kwa mwezi kabla ya kodi, inayolipa dola 600 za madeni mengine na itakayolipa dola 2,400 za nyumba. Imefika asilimia 50 kamili, kiwango cha juu kabisa ambacho mfumo wa kompyuta wa Fannie Mae hukubali. Ikinunua makochi kwa kadi mpya ambayo kiwango cha chini cha malipo yake ni dola 40 kwa mwezi, imevuka, hata kama alama zake hazikutikisika.

Wakopeshaji wengi huiangalia ripoti tena siku chache kabla ya kusaini, na deni jipya likionekana, hesabu hurudiwa. Kulinganisha riba kwa wakopeshaji kadhaa wa nyumba hakuna ubaya huo, kwa sababu FICO huhesabu maombi hayo kama moja yakifanyika ndani ya siku 14 au 45, kutegemea toleo. Maombi ya kadi hayana nafuu hiyo. Kwa hiyo subiri hadi mkopo utolewe. Ikiwa umeshafungua kadi, mjulishe afisa wako wa mikopo leo hii, ukiambatisha taarifa ya akaunti inayoonyesha salio na malipo ya mwezi, ili hesabu ifanyike upya kungali na muda wa kulipa deni hilo.